Muulize Shangazi wa Projekta: Filamu Iliyozomewa, Kasha la Heshima

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina ugomvi na mdogo wangu, tunaomba utuamulie. Amenunua Antichrist ya Lars von Trier, toleo la Criterion, kasha zuri lenye kijitabu ndani. Filamu hiyo mimi niliianza nikaizima njiani. Sina tatizo na aliyeitengeneza wala na anayeitazama. Ninachouliza ni hiki: kampuni inayosifika kwa kutunza kazi za mabingwa imepata wapi sababu ya kuichukua filamu iliyogombanisha watu namna ile na kuivika joho? Ziko filamu nzuri, za upole, ambazo hazijapata hata santuri ya kawaida, yaani diski ya filamu. Je, filamu ya kutisha inayochukiwa na nusu ya walioiona inastahili heshima hiyo? Mdogo wangu anasema mimi ni mhafidhina.
— Dada Mkubwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuondoe wasiwasi: kuzima filamu si uhafidhina, ni kutumia kitufe. Mimi Antichrist niliimaliza kwa ukaidi tu, na sina mpango wa kuirudia. Hata hivyo kwenye kesi hii niko upande wa mdogo wako, ingawa sidhani kama sababu zetu zinafanana.

Tuanze na hilo joho. Criterion ilianza mwaka 1984, enzi za santuri kubwa za leza, na filamu mbili za kwanza kuzitoa zilikuwa Citizen Kane na King Kong. Yaani lile jitu la sokwe liliingia mlangoni siku moja na Citizen Kane, kazi ya Orson Welles inayoheshimiwa mno, na ni santuri ya huyo sokwe iliyowekewa kwa mara ya kwanza sauti ya mtaalamu akieleza filamu huku inaendelea. Mwaka 1999 wakatoa Armageddon ya Michael Bay, filamu ya Hollywood ya milipuko mingi, na wapo wapenzi wa sinema ambao hawajawasamehe mpaka leo. Orodha hiyo haijawahi kuwa orodha ya watakatifu. Sisi wanunuzi ndio tuliopanga makasha rafuni, tukayapenda migongo yake yenye namba, kisha tukaanza kuyaona kama nishani.

Sasa Antichrist yenyewe. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2009. Ukumbini kulikuwa na waliozomea, na wengine walicheka walipoona mwishoni kwamba imetolewa wakfu kwa Andrei Tarkovsky, yule mwongozaji wa Kisovieti anayeheshimiwa mno. Jopo la makanisa, ambalo kwa kawaida hutoa tuzo kwa filamu zenye kuinua utu, lilitangaza safari hii "tuzo ya kinyume" ili kuilaani. Katika tamasha hilohilo, Charlotte Gainsbourg akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hiyohiyo. Tamasha moja, filamu moja, hukumu mbili ambazo haziwezi kuketi meza moja. Kwangu mimi hiyo si dosari ya kufichwa, ni sehemu ya habari ya filamu hiyo. Na Criterion walipoitoa mwaka 2010 hawakuificha: ndani ya santuri kuna filamu fupi kuhusu onyesho lile la kwanza la Cannes, na kuna sauti ya von Trier akiijadili filamu yake na profesa wa masuala ya sinema. Mwambie mdogo wako akuwekee sehemu hizo tu, uache filamu. Utapata mengi ya kumjibu.

Nadhani yeye amekuletea hoja ya Peeping Tom. Mashabiki wote wa filamu za kutisha huileta. Michael Powell, mwongozaji aliyekwisha kushiriki kutengeneza The Red Shoes, filamu inayosifika, alitoa filamu hiyo Uingereza mwaka 1960, na mhakiki mmoja akashauri izolewe kwa koleo na kumwagwa kwenye mtaro wa maji machafu. Wasambazaji wakaogopa, filamu ikaondolewa kumbini upesi, na Powell akabaki akihangaika kupata kazi. Karibu miaka ishirini baadaye mwongozaji Martin Scorsese akasaidia kuirudisha kumbini Marekani, na leo hakuna anayeona haya kuiita kazi ya bingwa. Habari tamu hiyo. Lakini mimi siikubali kama hoja. Kwa kila Peeping Tom ziko filamu chungu nzima zilizochukiwa kwa haki na zitaendelea kuchukiwa kwa haki. Ukisema kasha ni dau la kwamba siku moja watu wote watakubali, basi filamu ikiendelea kugawa watu kwa miaka hamsini utasema kasha lilikuwa kosa. Sioni hivyo. Zipo filamu ambazo kazi yake ni kugawa watu, na zitabaki hivyo.

Hoja yangu inatoka kwenye chumba cha projekta. Filamu ya milimita 35 ilitufikia ikiwa vipandevipande, rili za dakika kama ishirini kila moja, ndani ya makopo, na kila kopo lilikuwa na siri zake. Ulipokuwa ukiurudisha ukanda kwa mkono, ulipitisha kidole pembeni yake ukasikia kigongo cha kiungio: hapa mtu amekata. Pengine mkaguzi. Pengine ukanda ulichanika tu. Pengine mwendesha projekta mwenzangu wa mji mwingine alijichukulia picha chache za kumbukumbu, na hao nawajua. Jioni sauti inaruka, mtu aliyekuwa mlangoni ghafla yuko chini ya ngazi, watazamaji wanaguna, kisha wanatoka wakisema filamu ni ya hovyo. Ipi? Iliyotengenezwa, au ile iliyobaki baada ya mikono yote hiyo? Na kwa nilivyoona mimi, hakuna filamu zilizoguswa na mkasi kama za kutisha. Kipande kinachowagombanisha watu ndicho mkasi unachokianzia.

Chukua Possession ya Andrzej Żuławski, iliyopigwa Berlin ubavuni mwa Ukuta. Mwaka 1981 Isabelle Adjani alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes, filamu hiyo ikiwa mojawapo ya mbili zilizompatia. Ilipofika Marekani ilikuwa imepunguzwa dakika kama arobaini na kupangwa upya. Uingereza nako, katika ile hofu ya miaka ya 1980 juu ya kanda za video, iliwekwa kwenye orodha ya kanda ambazo mwenye duka angeweza kushtakiwa kwa kuzikodisha. Kwa hiyo kwa muda mrefu watu wa nchi hizo mbili walibishana juu ya filamu ambayo wengi wao hawakuwa wameiona nzima. Waliosema haieleweki walikuwa sahihi kabisa: toleo walilopewa halikueleweka. Leo filamu nzima ya saa mbili na ushei inapatikana ikiwa imekarabatiwa, na bado inagawa watu. Naipenda mno, dada yangu hawezi kuvumilia ile sehemu ya njia ya chini ya reli. Lakini sasa tunagombania kitu kimoja.

Halafu kuna zile ambazo haziwezi kurudi tena. Freaks ya Tod Browning, mwaka 1932. Studio ya MGM iliionyesha kwa majaribio, watazamaji wakachukizwa, ikakatwa kutoka takriban dakika tisini hadi zaidi kidogo ya sitini. Uingereza iliipiga marufuku kwa miaka kama thelathini. Criterion waliitoa mwaka 2023 pamoja na filamu nyingine mbili za Browning, picha safi, maelezo ya kutosha, lakini dakika zile zilizokatwa hazimo kwa sababu hazipo popote. Swali lako, Dada Mkubwa, lilishaulizwa mwaka ule ndani ya ofisi ya studio: inastahili kutunzwa? Wakajibu hapana. Na aliyefuata baada yao hakuwa na nafasi ya kukata rufaa.

Hapo juu ya filamu za upole zisizo na santuri, una hoja, wala sitaizunguka. Filamu ya dakika tisini ina picha 129,600, kila moja ikipitishwa kwenye skana, kisha mtu aketi aondoe mikwaruzo na kusawazisha rangi. Ni kazi ya pesa na muda, na kila kampuni ina nafasi chache kwa mwaka. Ila usidhani kwamba Antichrist ikiondolewa kwenye foleni, ile ya upole itasogea mbele. Haki za kila filamu zina mwenyewe, na mwenyewe ana bei zake na visirani vyake. Zaidi ya hapo, wapenzi wa filamu za kutisha ni wanunuzi. Wakati watu wengine wameacha santuri, wao bado wanazipanga rafuni, na ndiyo maana zipo kampuni kama Arrow, Severin, Vinegar Syndrome na Second Sight ambazo sehemu kubwa ya kazi yao ni filamu za namna hii. Filamu ya upole haikosi kasha kwa sababu ya filamu ya kutisha. Inalikosa kwa sababu wanaoipenda hawakununua. (Na wewe, dada, santuri ya mwisho ulinunua lini?)

Nisionekane natetea kila kasha linalong'aa. Kuna makasha ambayo ni karatasi ngumu na mabango manne, na ndani mna picha ileile ya DVD ya zamani. Mimi nikigeuza kasha nyuma natafuta mambo mawili: picha imetoka wapi, kwenye negativu halisi, yaani ukanda uliopita ndani ya kamera, au kwenye nakala ya nakala, na ni toleo gani la filamu, lenye dakika ngapi. Kisha naangalia nani amealikwa kuzungumza. Filamu iliyogawa watu ikiletwa na wasifiaji watupu, hapo naona kampuni imeogopa. Nataka angalau sauti moja ya mtu aliyeichukia akieleza kwa nini, kwa utulivu, bila kufanywa kichekesho.

Na kuna mpaka ambao mwenyewe siuvuki. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, ina wanyama waliouawa kweli mbele ya kamera. Watu wengi hukumbuka ule mkasa wa mahakama ya Italia, ambapo mwongozaji alilazimika kuthibitisha kwamba waigizaji wake wako hai. Kasa aliyeuawa mle hana wa kumthibitishia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1937 inakataza kuonyesha ukatili kwa mnyama uliopangwa kwa ajili ya filamu, na kuna toleo la santuri la Marekani linalokupa chaguo la kutazama bila vipande hivyo. Je, filamu ile itunzwe? Ndiyo, na itunzwe pamoja na maelezo kamili ya kilichotendeka. Nitainunua? Hapana. Mambo hayo mawili yanakaa kichwani mwangu bila kupigana.

Kwa hiyo mdogo wako abaki na kasha lake. Wewe ubaki na chuki yako, nayo usimwache aiite ujinga.

SWALI: Shangazi, mnajisumbua. Filamu zote hizi ziko mtandaoni. Nabonyeza, natazama, nalala. Kasha la nini?
— Mwenye Haraka

JIBU: Zote? Tafuta leo, kisha tafuta tena mwakani. Kwenye huduma za kutazama mtandaoni filamu hukaa kwa mkataba, na mkataba ukiisha inaondoka usiku bila kuaga. Hilo unalijua. Ninalotaka kukuambia ni juu ya giza.

Filamu za kutisha huishi gizani. Mwongozaji anaweka mlango mweusi nyuma ya mwigizaji na anataka usiwe na hakika kama ndani ya weusi ule kuna kitu. Sasa, huduma nyingi za mtandaoni hupitisha filamu ya 4K, ile picha kali kuliko ya kawaida, kwa megabiti kama 15 hadi 25 za data kwa sekunde. Santuri ya 4K inaweza kuvuka mia. Kinachotolewa kafara kwanza ni sehemu ambazo kompyuta inadhani huzitazami, na sehemu hizo ni giza. Vivuli vinageuka vibao vya kijivu vinavyotembea ukutani, chembechembe za ukanda zinakuwa ukungu, na ule mlango unakuwa mlango tu. Kwenye filamu ya vichekesho vya mchana hutaona tofauti kubwa. Kwenye ya kutisha umeibiwa hofu yenyewe, kisha unaandika kwamba haikukutisha.

Mfano bora ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Ilipobadilishwa jina kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya kila mtu. Kila aliyekuwa na mashine akainakili, nakala ya nakala ya nakala. Ilionekana kila mahali na karibu kila mahali ilionekana vibaya: nyuso zilikuwa mabaka meupe, usiku ulikuwa tope. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la MoMA la New York na taasisi ya The Film Foundation waliikarabati kutoka kwenye negativu halisi, na Criterion wakaitoa 2018. Nilipoiona nikagundua kwamba kuna upigaji picha mzuri sana mle, wa mwanga mkali na vivuli vya makusudi. Bure kabisa mtandaoni, ndiyo. Nakala ipi, hilo hulichagui wewe.

Ongeza The Exorcist III. Studio ilimlazimisha William Peter Blatty kupiga upya mwisho wake kabla ya filamu kutoka mwaka 1990. Alivyoitaka yeye haikuonekana mpaka 2016, kampuni ya santuri ya Scream Factory ilipoiunga, ikitumia kanda za video za VHS kujaza sehemu ambazo ukanda wake haukupatikana. Sehemu hizo zimefifia vibaya, unaona kabisa pale picha inapobadilika. Hakuna huduma ya kubonyeza-na-kulala ambayo ingemlipa mtu akatafute kanda hizo, na filamu yenyewe haikuwa kipenzi cha wengi.

SWALI: Vipi filamu mpya kama Skinamarink? Haina negativu ya kuokoa, na rafiki zangu wote walisinzia.
— Kijana wa Juzi

JIBU: Rafiki zako hawakuwa peke yao. Kyle Edward Ball aliitengeneza kwa dola kama 15,000, akaipiga katika nyumba ya wazazi wake huko Edmonton, Kanada, na nusu ya filamu ni kona za dari. Umesema kweli, ukarabati hauna nafasi hapo. Ninachotaka kwenye toleo la filamu changa ni watu: waulizwe wakiwa bado wanakumbuka taa ilikaa wapi na kwa nini kamera ilitazama dari. Wenye Freaks hawakuulizwa mapema. Kasha la gharama linaweza kungoja.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nataka kununua filamu moja tu ya kutisha iliyogawa watu, nione kama maneno yako yana ukweli. Nianze na ipi?
— Mjukuu Mbishi

JIBU: Bibi tena! Haya, marahaba.

Anza na Ganja & Hess ya Bill Gunn, ya mwaka 1973. Duane Jones, yuleyule shujaa wa Night of the Living Dead, ni msomi Mweusi anayechomwa kisu cha kale na kuanza kiu ya damu. Marlene Clark ni mwanamke anayekuja kumtafuta mumewe na kubaki. Waliotoa fedha walitaka filamu ya vampaya ya kuuza haraka. Gunn akawapa kitu kingine: kanisa, ndoto, uraibu, wimbo unaorudi usiku, na mazungumzo marefu ambayo hayaelekei popote mpaka yafike. Ilionyeshwa Cannes katika Wiki ya Wahakiki. Nyumbani New York ilipondwa, Gunn akaandika barua kali kwa gazeti la New York Times juu ya namna msanii Mweusi anavyohakikiwa, na wenye filamu wakaikata bila yeye, wakaisambaza kwa majina mengine, Blood Couple likiwa mojawapo. Toleo lake halisi lilinusurika kwa sababu nakala ilikuwa imehifadhiwa MoMA, na kutoka hapo ndipo ilipokarabatiwa.

Huenda usiipende. Kuna kama dakika ishirini katikati ambazo hata mimi hunyanyuka kwenda kuchemsha maji, kisha narudi mbio kwa ajili ya Marlene Clark. Lakini kabla ya kulipa geuza kasha nyuma. Filamu ya Gunn inakaribia saa mbili. Ukikuta jina jingine, au dakika zisizofika tisini, irudishe rafuni.